Ukuzaji wa tishu: Je, maabara itaokoa miti ya dawa?

MUIRI, mti wa misitu ya nyanda za juu ambao Waluhya huuita mwiritsa na Wakipsigis tenduet, umekuwa dawa ya wakazi wa Afrika Mashariki tangu jadi. Gome lake huchemshwa na kunywewa na wenye maumivu ya tumbo, homa na matatizo ya mkojo. Mnamo 1966, Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya dawa iliyotokana na gome hilo hilo kwa ajili ya wanaume waliovimba tezi kibofu. Tangu wakati huo mti wa Afrika ukawa tegemeo la wazee wa Ulaya.

Soko hilo ndilo lililouponza. Kutoka Cameroon hadi Madagascar, na humu nchini Kenya pia, magome yalichunwa kwa tani na kusafirishwa ng'ambo. Mti uliochunwa kwa kipimo, huku sehemu ya gome ikiachwa, huweza kupona na kuotesha gome jipya. Lakini mchunaji mwenye pupa huuzungushia panga pande zote, au huukata kabisa ili afikie matawi ya juu, na huo ndio mwisho wake. Kufikia 1995, muiri, ambao wanasayansi huuita Prunus africana, ulikuwa umeingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Gome lake haliruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji haukuhatarisha uhai wa mti huo msituni.

Ndipo linapozuka swali ambalo wengi hujiuliza: ikiwa kinachotafutwa ni dawa iliyo ndani ya gome, kwa nini miti isiachwe isimame, dawa yenyewe ikuzwe ndani ya chupa za maabara?

Jibu ni kwamba kwa baadhi ya mimea jambo hilo limewezekana na linafanywa kila siku. Kwa mingine limewashinda wataalamu kwa miongo mingi. Kuna sababu ya tofauti hiyo, na ni vyema ieleweke, kwani juu yake kumejengwa maamuzi yanayogusa misitu yetu na mifuko ya wakulima wetu.

Seli moja, mmea mzima

Msingi wa teknolojia hii ni dhana moja: kwamba kila seli hai ya mmea imebeba maagizo yote ya kuunda mmea mzima. Dhana hiyo ilitolewa mnamo 1902 na mtaalamu wa mimea kutoka Austria, Gottlieb Haberlandt, ingawa yeye mwenyewe hakufaulu kuithibitisha. Ilibidi kungoja hadi 1958, wakati F. C. Steward na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipoonyesha kwamba seli za karoti zilizotenganishwa zinaweza kuwa mimea kamili.

Kazi yenyewe huanza na kipande kidogo cha mmea, aghalabu kichipukizi au sehemu ya jani. Kipande hicho husafishwa kwa dawa ya klorini ili kuua bakteria na kuvu, kisha huwekwa ndani ya chupa yenye jeli inayotokana na mwani. Ndani ya jeli hiyo mmetiwa sukari, madini, vitamini na homoni za mimea. Mchanganyiko wa madini na vitamini unaotumiwa zaidi duniani ni ule uliotangazwa mnamo 1962 na Toshio Murashige na Folke Skoog wa Marekani.

Siri kubwa imo katika homoni. Skoog na mwenzake Carlos Miller walikuwa wamebainisha mnamo 1957 kwamba kinachoamua hatima ya tishu ni uwiano wa homoni mbili, oksini na sitokinini. Oksini ikizidi, mizizi hutokea. Sitokinini ikizidi, machipukizi hutokea. Zikikaribiana, tishu huwa donge la seli zisizo na umbo, si mzizi wala si jani. Donge hilo ni la kutiwa maanani, kwani tutakutana nalo tena.

Mkulima wa Kenya haoni ugeni katika habari hizi. Tangu miaka ya tisini amekuwa akinunua miche ya ndizi iliyozalishwa kwa njia hii, miche inayopendwa kwa sababu haibebi magonjwa na wadudu waliozoea kuhamishwa shambani pamoja na machipukizi ya kawaida.

Hata hivyo, linapokuja suala la dawa, ukuzaji wa tishu una njia mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni ile ya ndizi: maabara huzalisha miche mingi, miche hupelekwa shambani, na dawa huvunwa kutoka kwa mmea uliokomaa. Ya pili haina shamba. Seli huogelea ndani ya matangi makubwa yenye maji ya sukari na virutubishi, hugawanyika, na kemikali ya tiba hukamuliwa kutoka kwa seli hizo moja kwa moja.

Marekani ilivyoacha kuchuna magome

Mfano maarufu zaidi wa njia ya pili ni paklitakseli, dawa ya saratani inayojulikana kwa wengi kama Taxol. Mnamo 1962, Arthur Barclay, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alikusanya gome la mti uitwao Taxus brevifolia katika jimbo la Washington. Wanakemia Monroe Wall na Mansukh Wani walitangaza muundo wa kemikali yake mnamo 1971, na mnamo Desemba 1992 dawa hiyo ikaidhinishwa nchini Marekani kutibu saratani ya ovari.

Furaha hiyo ilikuja na kitendawili. Mti huo hukua polepole mno, na ili kupata kilo moja tu ya dawa, zilihitajika takriban tani kumi za magome, yaani miti ipatayo 3,000. Kila mgonjwa aliyepona aliacha nyuma yake miti iliyokufa, na wagonjwa walikuwa wengi kuliko miti.

Wanasayansi walitafuta njia mbili za kujinasua. Kwanza, walitambua kwamba majani ya mti wa jamii hiyo unaoota Ulaya yana kemikali inayokaribiana na paklitakseli, ambayo huweza kukamilishwa maabarani. Majani huvunwa na kuota tena, hivyo mti haufi. Pili, seli za miti ya jamii ya Taxus zilikuzwa ndani ya matangi nchini Ujerumani na kampuni ya Phyton, matangi yanayofikia lita 75,000. Mnamo 2004, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani liliitunuku kampuni ya Bristol-Myers Squibb tuzo ya kemia isiyochafua mazingira kwa kutumia seli hizo kutengeneza dawa yake.

Huenda msomaji akashangaa: seli inayolelewa katika starehe ya sukari na joto la kipimo itajisumbua vipi kutengeneza sumu ya kuua saratani? Mimea haitengenezi kemikali hizi kwa ajili yetu. Huzitengeneza ili kujikinga dhidi ya wadudu, kuvu na majeraha. Kwa hivyo, wataalamu huzihadaa seli. Huzitilia ndani ya tangi kiasi kidogo cha methili jasmoneti, kemikali ambayo mmea wenyewe huitumia kupiga mbiu ya hatari unapotafunwa. Seli hudhani zimevamiwa, nazo huanza kutengeneza silaha.

Wamarekani na Wajerumani hawakuwa wa kwanza. Mapema miaka ya themanini, kampuni ya Mitsui ya Japani ilikuwa imeanza kuzalisha shikonini, rangi ya zambarau nyekundu ambayo Wajapani waliitoa tangu kale kwenye mizizi ya mmea uitwao Lithospermum erythrorhizon na kuitumia kutibu vidonda. Mizizi shambani huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuvunwa. Seli kwenye tangi zilihitaji wiki tatu hivi. Bidhaa iliyoifanya itambulike madukani ilikuwa rangi ya midomo. Nchini Korea Kusini nako, mizizi ya jinsengi hukuzwa ndani ya matangi na kuuzwa kama kiungo cha vyakula na vipodozi.

Si kila dawa hukubali tangi

Baada ya ufanisi huo, wengi waliamini kwamba kila mmea wa dawa ungefuata. Haikuwa hivyo.

Chukua ua dogo la Madagascar liitwalo Catharanthus roseus, ambalo hupandwa kama pambo katika nyua nyingi za Afrika Mashariki. Majani yake hutoa vinblastini na vinkristini, dawa ambazo zimewaokoa watoto wengi wenye saratani ya damu. Lakini dawa hiyo imo ndani ya majani kwa kiasi kidogo ajabu: gramu moja ya vinblastini huhitaji kilo 500 hivi za majani makavu, na gramu moja ya vinkristini huhitaji zaidi ya kilo 2,000. Ikiwa kuna mmea uliostahili kuhamishiwa tangini, ni huu. Majaribio yamefanywa kwa miongo kadhaa, na seli zimekataa katakata.

Sababu imo katika lile donge la seli zisizo na umbo. Dawa ya ua hili huundwa kwa kuunganisha vipande viwili, katharanthini na vindolini. Seli za tangini huweza kutengeneza cha kwanza. Cha pili hukamilishwa ndani ya seli maalumu za jani, na donge halina jani. Mmea ni kama kiwanda chenye vyumba vingi, ambapo kazi huanzia chumba kimoja, ikapitishwa chumba cha pili na kumalizikia cha tatu. Ukivunja kuta zote, wafanyakazi wapo lakini kazi haimaliziki.

Ndivyo ilivyo pia kwa artemisinini, dawa ya malaria ambayo utafiti wake ulimpatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mnamo 2015. Hutengenezwa ndani ya vitezi vidogo vilivyo kama vinyweleo juu ya majani ya artemisia, ambayo kwa Kiswahili huitwa pakanga. Pasipo vitezi, dawa haipatikani kwa kiasi cha maana.

Kwa mimea migumu kama hii, wanasayansi wameiacha seli ya mmea na kuchukua jeni zake, kisha wakazipandikiza ndani ya hamira. Mnamo 2022, watafiti waliofanya kazi hiyo nchini Denmark walitangaza kwamba hamira iliyotiwa jeni zaidi ya 30 za mimea ilizalisha vipande vyote viwili vya vinblastini. Hiyo ni taaluma nyingine, na safari yake kutoka maabarani hadi duka la dawa bado ni ndefu.

Muiri na muthiga

Je, miti yetu iko upande gani?

Muiri una tatizo la pekee. Nguvu ya gome lake haijaegemezwa kwenye kemikali moja. Ni mchanganyiko wa steroli, triterpini na aina za asidi ya feruliki, na inaaminika kwamba zinafanya kazi kwa pamoja. Anayetaka kuikuza dawa hiyo tangini hana shabaha moja ya kulenga, na itamlazimu kupata mchanganyiko wote kwa uwiano ule ule. Kwa muiri, basi, njia inayoeleweka ni ya kwanza: miche.

Hapa maabara ina msaada wa kweli. Mbegu za muiri hazihifadhiki. Zikikauka kupita kiasi hufa, na hata zikitunzwa huishiwa na uhai baada ya muda mfupi. Isitoshe, mti huchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Kitalu kinachotegemea mbegu hungojea msimu, na msimu usipokuja, hakuna miche. Kichipukizi cha maabara hakingoji msimu.

Muthiga, au Warburgia ugandensis, ambao gome lake chungu hutafunwa na wenye kikohozi na maumivu ya meno, una afueni kidogo. Baadhi ya kemikali zake, kama vile warbuganali na muzigadiali, zinajulikana kwa majina, hivyo mtafiti anajua anachokitafuta. Mnamo 2011, watafiti wa Uganda walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba vichipukizi vya mti huu vinaweza kuzidishwa maabarani. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kemikali kuua vijidudu ndani ya kisahani cha maabara hakumaanishi itamponya mgonjwa, na kutafuna gome si badala ya kumwona daktari.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba miche yote inayotokana na mti mmoja ni pacha. Ugonjwa ukiupata mmoja, huipata yote. Anayekusudia kuurejesha muiri katika misitu ya Mlima Kenya, Mau au Kakamega hana budi kuchukua vipande kutoka kwa miti mingi ya misitu mbalimbali.

Ya pili ni gharama. Vyumba vya ukuzaji huhitaji umeme usiokatika, hewa safi na mafundi waliofunzwa. Chembe moja ya kuvu huharibu chupa nzima. Mkulima hukubali kulipia mche wa ndizi kwa sababu atakata mkungu katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Anayepanda muiri huenda akavuna gome mwanawe akiwa mtu mzima. Kwa hivyo, si haki mzigo huo aachiwe mkulima peke yake. Ni kazi inayofaa taasisi za umma kama vile Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) kule Muguga, serikali za kaunti, na vyama vya kijamii vya misitu vinavyotambuliwa na sheria.

Aidha, si kila mmea unahitaji chupa. Kandokando ya Msitu wa Kakamega, kundi la wakulima la Muliru limekuwa likipanda aina ya mrihani iitwayo Ocimum kilimandscharicum na kutengeneza dawa ya kuchua, kazi iliyolipatia Tuzo ya Equator mnamo 2010. Mmea huo huota upesi bila maabara. Mahali ambapo jembe linatosha, hakuna haja ya kununua mitambo.

Mkulima yuko wapi?

Kuna hofu kwamba matangi ya Ulaya yatamnyang'anya mkulima wa Afrika riziki. Hofu hiyo si ya bure. Wakenya wanakumbuka pareto, zao ambalo Kenya iliongoza ulimwenguni kwa miaka mingi kabla ya dawa za viwandani, malipo yaliyochelewa na ushindani wa Tasmania kuliporomosha.

Lakini kisa cha artemisia kinafundisha jambo jingine. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa mseto zenye artemisinini mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda walihimizwa kupanda. Bei ya kilo moja ya artemisinini ilipanda hadi zaidi ya dola 1,000 mnamo 2005. Kila mtu akapanda, na kufikia 2007 bei ikawa imeanguka hadi dola 200 hivi. Hakuna tangi lililohusika katika anguko hilo. Mnamo 2013, kampuni ya Sanofi ilianza kutengeneza dawa hiyo nchini Italia kwa kutumia hamira, lakini ikashindwa kushindana na bei ya zao la shambani, na baada ya miaka michache kiwanda hicho kikauzwa. Shamba lililishinda tangi kwa urahisi wa bei. Aliyeumia katika visa vyote viwili ni yule aliyepanda bila mkataba.

Mali bila daftari

Suala la mwisho, ambalo pengine ndilo zito kuliko yote, ni la umiliki. Zamani aliyetaka dawa ya muiri alihitaji malori ya magome, na lori huonekana barabarani. Anayekuza tishu anahitaji kichipukizi kisichozidi ukucha. Tena, kanuni za CITES kuhusu muiri zinaziacha nje tishu zilizokuzwa maabarani na kusafirishwa ndani ya chupa safi zilizofungwa. Mkataba huo uliundwa ili kulinda mti usiangamizwe, na chupa haiangamizi mti. Kulinda haki ya mwenye mti si kazi yake.

Kazi hiyo imo katika sheria nyingine. Kanuni za mazingira za 2006 zinamtaka kila anayechukua viumbe vya Kenya kwa ajili ya utafiti wa jeni zao apate kibali na kukubaliana kuhusu mgao wa faida. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 69, inaiagiza serikali kulinda maarifa asilia kuhusu viumbe vya nchi. Kenya iliidhinisha Itifaki ya Nagoya mnamo 2014, na mnamo 2016 Bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Mei 2024, mataifa yaliyokutana Geneva yaliafikiana juu ya mkataba unaomtaka anayeomba hataza afichue asili ya viumbe alivyovitumia.

Sheria zipo. Kinachohitajika ni kumbukumbu: ni mti gani, wa msitu upi, uliojulikana na jamii ipi, na kwa tiba gani, yote yakiwa yameandikwa na kusajiliwa kabla ya kichipukizi cha kwanza kuingia chupani. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa sasa, ushauri wa kumpa mwenye shamba katika nyanda za juu ni rahisi. Akipata mche wa muiri au muthiga, wa mbegu au wa maabara, na aupande mpakani mwa shamba, palipo na nafasi ya kukua. Nyuki watapata maua, familia itapata kuni za matawi, na siku gome litakapohitajika, lichunwe upande mmoja na kuachwa upande mwingine. Maabara inaweza kuharakisha kuzaliwa kwa mti. Kuutunza hadi ukomae bado ni kazi ya mwenye shamba.